Tunawapumzisha wazee mpaka wanashindwa kusimama

Jumamosi alfajiri, barabara nyingi za Dar es Salaam ni za watu wa jogging. Wanapita na fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni, mwenye filimbi mbele, spika juu ya bajaji nyuma, na daladala za kwanza zinalazimika kupunguza mwendo. Zanzibar wamelivalia njuga zaidi: tarehe 1 Januari ni Siku ya Mazoezi Kitaifa, vikundi vinaingia barabarani pamoja na viongozi wa serikali. Bara, kampeni iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, iliitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi ili kupambana na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Wengi wanaliona jambo hili kama mwamko wa afya wa taifa zima. Mimi naangalia ni nani hayupo kwenye ule msururu. Mtu wa miaka 70 hayupo. Yuko nyumbani, na kama mwili unamsumbua basi ameitiwa mkandaji, au amepelekwa kwenye hijama, yaani kuumikwa na kutolewa damu, au mwanawe amempitia Kariakoo akamnunulia mkanda wa mgongo na chupa ya mafuta ya kuchua. Kijana tumempa jasho, mzee tumempa mafuta.

Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo umekaa kinyume. Anayehitaji mazoezi ya nguvu kuliko wote ni mtu wa miaka 70. Wa 35 akikaa kitako mwaka mzima atanenepa. Wa 70 akikaa kitako mwaka mzima huenda asiinuke tena bila kushikwa mkono. Na zile tiba za mwili tunazompa, kukandwa, kuumikwa, kufukizwa, zinaweza kumpoza maumivu, lakini nguvu hazimpi. Nguvu hutengenezwa na msuli wenyewe unapobebeshwa kitu, na hakuna mikono ya mtu mwingine, iwe mahiri namna gani, itakayoufanyia kazi hiyo.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Kuanzia kwenye miaka ya 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hii jina la sarkopenia ili madaktari na watafiti waanze kuitazama badala ya kuipita. Nguvu hupungua haraka kuliko msuli unavyosinyaa, na zinazotangulia kuondoka ni zile za ghafla, za kurusha mguu mbele pale mtu anapojikwaa. Kulala huongeza kasi hiyo kwa namna ya kutisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kikundi kidogo cha watu waliovuka miaka 60, wote wazima wa afya, waliokubali kulazwa kitandani siku 10. Siku hizo 10 ziliwatosha kupoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Sasa mfikirie bibi aliyelazwa wiki mbili kwa nimonia, anarudi nyumbani, na familia yote imeshaamua kwamba asiguse hata ufagio.

Udhaifu huu hujulikana siku ya kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Kwetu vifo hivi havionekani kwa sababu hatuvitaji hivyo. Msibani utasikia presha, utasikia kazi ya Mungu haina makosa. Sakafu ya bafuni yenye maji na mapaja yaliyokwisha nguvu havitajwi. Shangazi yangu alivunjika nyonga akienda msalani usiku. Upasuaji ukachelewa kwa sababu ya fedha, akalala chali wiki kadhaa, na kilichomwondoa mwishoni kilikuwa kifua, si mfupa. Nadhani kila ukoo unaosoma makala haya una shangazi wa namna hiyo.

Ajabu ni kwamba nyumba zetu zilikuwa na mazoezi haya bila mtu kuyaita mazoezi. Kukuna nazi juu ya mbuzi, kuketi mkekani na kuinuka, kuchuchumaa chooni, kuinamia mafiga, kujitwisha ndoo. Mwislamu anayetimiza sala tano ana rakaa 17 za faradhi kwa siku, na kila rakaa ina sijda mbili. Hesabu hiyo ya kushuka sakafuni na kuinuka hakuna mwalimu wa gym atakayemlazimisha nayo mtu wa miaka 75. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kando ya Ziwa Eyasi, wamechunguzwa sana kwa jambo hili. Mtafiti David Raichlen na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba Wahadzabe wazima hupumzika takriban saa 10 kwa siku, sawa na watu wengi wa mjini wanaokaa ofisini, ila sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, na hapo misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Na bibi zao, kama Kristen Hawkes na wenzake walivyoandika tangu 1989, ndio wanaochimba mizizi kwa saa nyingi kuliko hata mabinti wenye watoto wachanga. Pale bibi analisha wajukuu.

Daktari wa Brazil, Claudio Gil Araújo, alichapisha mwaka 2012 matokeo ya watu zaidi ya 2,000 wa miaka 51 hadi 80 waliotakiwa kuketi sakafuni na kuinuka, ikiwezekana bila kushika goti wala kuegemea mkono. Waliofanya vibaya sana walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Kipimo hicho hakithibitishi kwamba kuketi mkekani kunarefusha maisha. Kinaonyesha tu ni nani bado ana mwili wa kumtosha. Lakini tazama tulivyoyaondoa mazingira yaliyokuwa yanautunza mwili huo. Kochi zito la kuzama limechukua nafasi ya mkeka na kigoda, choo cha kukaa kimechukua nafasi ya tundu, nazi inanunuliwa imekunwa au imo ndani ya pakiti, na viti vya plastiki vimejaa safu za nyuma msikitini. Sidai turudi nyuma. Mwenye goti bovu, choo cha kukaa kimemwokoa na aibu nyingi. Ninachosema ni kwamba kila kitu kilichotupunguzia kuinama kimechukua sehemu ya mazoezi ya mzee, na hatukumrudishia chochote.

Watakaosema nawadharau wakandaji wananisingizia. Mama anayeijua kazi yake anapasha mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu na kitunguu saumu, anamlaza mzee mkekani, anaanzia nyayoni na kupandisha kwa kidole gumba ukingoni mwa muundi. Palipokaza anasimama, anabonyeza mpaka mzee anaguna, ndipo anaendelea. Muda wote wanaongea, nani kaoza binti, nani kauza shamba. Mzee anainuka mwepesi, anakula, usiku analala. Hayo si mambo madogo, wala sayansi haiyakatai: mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali kukandwa kuwa mojawapo ya tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi. Mwongozo huohuo unashauri mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida, yaani ileile inayoning'inia kwenye vibanda vya Kariakoo. Wa Uingereza, katika mwongozo wao wa 2022 kuhusu viungo vilivyosagika, wanasema tiba ya mikono ifikiriwe pale tu inapoambatana na mazoezi. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kwetu kukandwa kumekuwa mwanzo na mwisho wa tiba. Mkandaji anaondoka, maumivu yamepoa, na ile saa ambayo ingefaa kumwinua mzee na kumtembeza uani inatumika kumfunika shuka alale. Kuhusu hijama nitasema kidogo tu: ushahidi wake kwa maumivu ya viungo ni hafifu, na mzee mwenye upungufu wa damu au anayetumia dawa za kuyeyusha damu hana sababu ya kuchanjwa.

Kuna upande wa pili wenye uzito zaidi, na sioni aibu kuukubali kwa sehemu. Mtu atauliza: huyu mama wa milimani Lushoto, aliyelima, akabeba kuni na maji kichwani tangu ana miaka saba, unamwambia afanye mazoezi? Mwili wake umechoka kwa kazi. Kweli kabisa, na huyo hahitaji klabu, anahitaji bomba karibu na nyumba. Kazi ya shamba haimuulizi mtu kama leo ana homa, haiongezwi polepole, haina siku ya kupumzika, na aghalabu haimlishi vya kutosha huyo anayeifanya. Lakini tuangalie kinachofuata, kwa sababu kinatokea kila siku. Mama huyu anafiwa na mumewe, watoto wanakaa kikao, wanaamua aje mjini. Wiki moja alikuwa anapanda kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe. Wiki inayofuata yuko sebuleni Tabata au Mbezi, televisheni imewashwa, dada wa kazi ameambiwa bibi asisumbuliwe. Akishika sahani, "mama, acha, utachoka." Akitaka kutoka nje, "bibi, kuna bodaboda huko." Chai inamfuata alipo, maji ya kuoga yanamfuata alipo. Wote wanafanya hivyo kwa mapenzi, na wakwe wanashindana kuonyesha nani anamjali zaidi. Miezi michache baadaye ameanza kushika kuta akitembea, na familia inaambizana kwamba uzee umemshika ghafla. Uzee haukumshika ghafla. Aliondolewa kazi yake yote kwa siku moja na hakupewa nyingine. Kumpunguzia mzigo ni haki yake. Kumwondolea mizigo yote ni jambo jingine.

Hofu ya kuumia nayo si ya kubezwa. Mzee ana presha, pengine moyo umepanuka, pengine mifupa imekuwa myepesi. Huyo anastahili kuonwa na daktari kabla ya kuanza, na akihisi kifua kubana au kizunguzungu aache mara moja. Ila hofu hiyo imepanuka mpaka imekuwa sheria ya jumla, hasa kwa magoti. Mzee anapigwa picha ya eksirei, anaambiwa magoti yamesagika, ute umekwisha, asiyachoshe. Anatoka na diklofenaki mkononi, dawa ambayo ikimezwa kwa miezi huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na ruhusa rasmi ya kutosimama. Picha ya eksirei haipimi maumivu wala nguvu; wako watu wenye magoti yaliyosagika vibaya wanaotembea bila tatizo. Nikiri pia kwamba mazoezi si muujiza kwa goti: mapitio ya 2024 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliona kwamba yanapunguza maumivu kwa kiasi ambacho kinaweza kuwa kidogo. Kidogo hicho kinakuja pamoja na paja lenye nguvu. Kidonge hakina nyongeza hiyo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: uzee ndio uzee, msuli ukishaondoka haurudi. Hii ilijibiwa zamani. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston waliwachukua wakazi 10 dhaifu wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya kunyanyua uzito kwa mapaja kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha fimbo. Kikundi kilikuwa kidogo, ndiyo, lakini mwaka 1994 timu hiyohiyo ilirudia kwa wazee 100 na nguvu zikapanda tena. Mwenye kudai kwamba mtu wa miaka 72 amechelewa anapaswa kwanza kueleza ilikuwaje kwa hawa wa 90.

Sasa, mazoezi gani? Hapa klabu zetu nazo zinakosea, kwa sababu dawa yao kwa kila mtu ni kukimbia au kutembea. Mapitio ya Cochrane ya 2019, yaliyokusanya majaribio 108 ya watu zaidi ya 23,000, yaligundua kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23, lakini yaliyofanya kazi hiyo kwa uhakika ni yale ya kusimama bila kuyumba na ya kurudia miondoko ya kila siku: kuinuka kitini, kupanda ngazi, kupiga hatua ya pembeni. Yakichanganywa na ya nguvu, matokeo yalielekea kuwa makubwa zaidi. Kutembea peke yake hakukuthibitika, na hata kunyanyua uzito peke yake hakukuthibitika. WHO katika mwongozo wa 2020 inataka waliofika miaka 65 wafanye mazoezi ya mchanganyiko yanayosisitiza kusimama bila kuyumba na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, yaende pamoja na zile dakika 150 za shughuli za nguvu ya wastani ambazo kila mtu amezisikia redioni. Mpango wa Otago wa New Zealand umejengwa juu ya kanuni hizo, unafanyika nyumbani, na ulipunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja.

Kwa vitendo ni mambo ya kawaida mno, na pengine ndiyo maana hayauziki. Weka kiti kigumu kisicho na magurudumu, mgongo wake ukutani. Mzee akae mbele kidogo ya kiti, nyayo chini ya magoti, mikono imekunjwa kifuani, ainuke mpaka anyooke, ashuke polepole akihesabu tatu bila kujibwaga. Kushuka polepole ndiko kwenye kazi kubwa, na ndiko watu wanakokwepa. Asipoweza, wekeni mto juu ya kiti kiwe kirefu, wiki zijazo mto uondoke. Akiona rahisi, ashike kidumu cha maji cha lita 3, baadaye cha 5. Kisha asimame kwa mguu mmoja karibu na kaunta ya jikoni, vidole vikigusa tu. Mambo hayo bila chakula hayafiki mbali: mzee anayekunywa chai na mkate asubuhi na uji jioni hana cha kujengea msuli, hivyo dagaa, maharage, mayai na maziwa viende kwake kwanza, si kwa wajukuu kama desturi ilivyo sasa. Kwa wanaodhani wazee hawatakubali, Korogocho, Nairobi, kuna akina shosho, yaani bibi, wanaojifunza kupiga ngumi na mateke ili kujikinga na wabakaji. Waliposikia sababu ya maana hawakuuliza umri.

Nikitazama mbele, naona tumeshajenga nusu ya njia bila kukusudia. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania waliofika miaka 60 kuwa zaidi ya milioni 3, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliwaahidi huduma. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Zanzibar inalipa pensheni jamii kwa waliofika miaka 70 tangu 2016, na Kenya ina Inua Jamii kwa umri huohuo. Siku za malipo na za kliniki wazee hukusanyika wenyewe, bila kuitwa na tarumbeta. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima, watu watakaoingia mpaka uani kwa mzee. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache na wamerundikana mijini, kwa hiyo kusubiri kila mzee aonwe na mmoja wao ni kusubiri bure. Wao wafundishe, wahudumu wafikishe, na wakandaji waingizwe humo pia: wana imani ya wazee kuliko daktari yeyote, na mkandaji akishafundishwa kummalizia mteja wake kwa kumwinua kitini mara 10 atafanya kazi ambayo hakuna kampeni ya redio itaiweza.

Pa kuanzia ni kliniki ya presha na kisukari, ambako mzee anapimwa kila anapohudhuria. Anapanda mzani, anafungwa kitambaa mkononi, anatobolewa kidole, kisha anarudi benchi. Hakuna anayemwambia asimame. Kipo kipimo kinachotumika nchi nyingi: mara ngapi anainuka kitini, mikono kifuani, ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufika mara 10, mwanamume wa umri huo akishindwa kufika mara 12, huyo yuko kwenye hatari ya kuanguka na aanzishiwe mazoezi siku hiyohiyo. Kinahitaji kiti, saa ya simu na muuguzi mmoja. Kiandikwe kwenye kadi yake, mstari wa chini ya presha.